Nukta za Nesi Yuliana

Wanafunzi wake walikwisha kumzoea. Madam Jesca akinyamaza katikati ya sentensi, chaki bado imegusa ubao, waliweka kalamu chini na kungoja. Hakuwa amesahau somo. Alikuwa amekwenda mahali, kama walivyosema wenyewe, na baada ya muda angerudi, apepese macho kidogo, aendelee palepale alipoachia, bila kukosea hata alama moja.

Jesca Albano alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Alifundisha hisabati katika sekondari moja ya Temeke, na jioni mbili kwa wiki, pamoja na Jumamosi mchana, alisoma shahada ya uzamili chuoni. Aliishi Mtoni na baba yake, Mzee Albano, mchonga vinyago aliyehama Newala ujanani, tezo na patasi zake zimefungwa ndani ya gunia. Mama alishafariki. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili, na nyuma yake kibanda cha bati ambamo mzee alikaa juu ya kigogo tangu asubuhi, vumbi jeusi la mpingo limemjaa magotini. Jesca alilala na kuamka na mlio wa tezo. Hata alipokuwa mbali, chuoni, wakati mwingine aliusikia, tko, tko, tko, akajikuta anaandika kwa kuufuata.

Baba yake hakuelewa binti anasoma nini, ila hakuona aibu kuuliza.

"Sasa mama, huko chuoni wanakufundisha nini hasa?" Alimwita mama kwa sababu Jesca alirithi jina la bibi yake, aliyemzaa mzee.

"Hesabu za jinsi ngozi inavyojirudisha, baba."

"Ngozi nayo ina hesabu?"

"Inayo. Chini kabisa ya ngozi kuna seli zinaitwa seli shina. Mtu mzima anazo, hata wewe. Ngozi ya juu inachakaa, inapukutika, na seli shina zinajigawa kuijazia. Moja inakuwa mbili. Mara nyingi mmoja kati ya hao pacha anabaki shina, mwenziwe anapanda juu, anakuwa ngozi, anafanya kazi yake, anakufa."

Mzee Albano alipuliza vumbi kwenye kinyago. "Na pacha wote wawili wakitaka kupanda?"

Jesca alimtazama. Lilikuwa ndilo swali lenyewe, lile lililomchukua miezi mitatu kulifikia kwenye makala za watu. "Basi shina linaisha, baba. Kidonda hakifungi."

"Na wote wakigoma kupanda, wakabaki chini?"

"Wanarundikana. Inakuwa uvimbe."

"Kwa hiyo yupo anayewapimia."

"Mie sijamwona bado. Nina herufi moja tu kwenye mlinganyo, inayosema ni mara ngapi kati ya mia pacha wote wanapanda, na mara ngapi wote wanabaki. Mtu akiwa mzima, mizani iko sawa. Akijeruhiwa, inainama. Natafuta inavyoinama."

Mzee alitikisa kichwa, akarudi kwenye mpingo wake. Jesca alibaki pale kibandani, mgongo umeegemea nguzo, joto la mchana limetulia juu ya bati. Alipofumba macho aliona zile seli zikijigawa polepole gizani, moja mbili, moja mbili, bila kelele, bila mtu kuzituma, zikipanda kama unyevu unavyopanda ukutani wakati wa masika.

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, Mzee Albano alikuwa anayeyusha nta ya kupaka vinyago. Kopo lilikuwa juu ya jiko la mkaa. Alinyoosha mkono wa kushoto kuchukua kitambaa, goti likagusa jiko, kopo likainama. Nta ikamwagika kwenye mkono kuanzia chini ya kiwiko, ikateremka, ikakusanyika kwenye kifundo, chini ya mkanda wa saa.

Hakupiga ukelele. Aliita, "Mama," kwa sauti ya kawaida kabisa, na kwa sauti ile Jesca akajua.

Alimburuta hadi kwenye ndoo, akaukata mkanda wa saa, akaanza kummiminia maji kwa kata. Bi Tabu, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuja mbio na dawa ya meno mkononi.

"Mpake hii, mwanangu, inapoza!"

"Usipake kitu, Bi Tabu, nakuomba. Nisaidie maji. Maji tu, yasikatike."

Bi Tabu akaitupa ile dawa ya meno akaenda kuchota. Walimiminia maji kwa zamu mpaka mzee akaanza kutetemeka kwa baridi, jua la Dar likiwa juu yao. Nta ilikuwa imegandamana na ngozi na Jesca hakuthubutu kuibandua. Hospitali ndiko walikoitoa, na ilipotoka haikutoka peke yake.

Daktari, kijana mwenye sauti ya upole na macho ya mtu asiyelala vya kutosha, aliwaeleza. Kuungua kulikuwa kwa kina, ingawa si sawa kila mahali. Mzee angekuja kusafishwa na kufungwa upya kila baada ya siku mbili. Kama baada ya wiki tatu kidonda hakioneshi dalili ya kufunga, wangepandikiza ngozi, yaani wangechukua tabaka jembamba kutoka pajani na kuliweka mkononi.

"Paja langu halijaungua," alisema Mzee Albano.

"Ndiyo maana tunachukua huko, mzee wangu."

"Basi liacheni kama lilivyo."

Aliyemsafisha kidonda alikuwa nesi mmoja aitwaye Yuliana, mama mtu mzima aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Aliongea kidogo na kwa taratibu. Jesca alimwamkia, akamweleza haja yake kwa woga. Aliomba, kwa ruhusa ya daktari na ya baba, kila mara bandeji inapofunguliwa, nesi aweke juu ya kidonda karatasi safi ya nailoni inayopitisha mwanga, achore ukingo wake kwa kalamu ya wino mzito. Alitaka kuona kidonda kinavyopungua siku hadi siku.

"Ya shule?" aliuliza Yuliana.

"Ya shule. Na ya kwangu."

"Nitakuchorea," alisema nesi, na hakuuliza zaidi.

Basi yakaanza maisha mapya. Asubuhi mapema Jesca alimsaidia baba kuvaa shati, akampeleka hospitali, akakimbilia shuleni. Mchana alirudi na karatasi ya nailoni ndani ya bahasha, akajilaza kifudifudi kwenye mkeka barazani, akainakili kwenye karatasi ya grafu na kuhesabu miraba. Kibandani kulikuwa kimya. Ukimya ule ulimchanganya kuliko kelele yoyote, alijikuta anasita mara kwa mara, kalamu hewani, anangoja tko ambayo haikuja. Kisha macho yalimzidi uzito, na ile ramani ya mkono wa baba yake ikaanza kuelea. Aliiona kama nchi pana nyeupe isiyo na mtu, na pembezoni mwake kabisa, mbali, mstari mwembamba wa watu wakija kwa miguu, wamebeba vitu vichwani, hawana haraka. Alitaka kuwaita wafanye haraka. Sauti haikutoka.

Siku ya kumi alikuwa na michoro ya kutosha. Ukingo ulisogea karibu nusu milimita kwa siku. Kidonda kilikuwa na upana wa sentimita kumi na moja, kingo mbili zinakutana katikati. Hakuhitaji hata kompyuta, ingawa aliiwasha, akaingiza namba zote kwenye modeli yake, akaitazama ikichora mstari. Jibu lilikuwa lilelile. Siku mia na kumi.

Alikaa na namba ile tangu saa nane mpaka jua lilipoacha baraza. Mkono ulioachwa wazi siku mia na kumi ungeliwa na usaha, au ungefunga kwa kovu nene la kuvuta vidole. Alimwendea baba yake.

"Baba, nimepiga hesabu. Ni zaidi ya miezi mitatu. Hutaweza kuushika tena mpingo vizuri. Kubali daktari apandikize. Mkono wote."

Mzee Albano hakujibu siku ile. Kesho yake, akinywa uji kwa mkono wa kulia, alisema bila kumtazama, "Hujawahi kunidanganya kwa hesabu tangu uko darasa la tatu. Waambie wakate."

Daktari naye hakuona sababu ya kusubiri wiki tatu zitimie kama mgonjwa ameridhia. Alipanga upasuaji Jumanne inayofuata.

Ijumaa kabla ya Jumanne hiyo, Jesca aliomba ruhusa shuleni, akabaki hospitali na baba. Alikuwa amekuja na nakala zake za grafu, safi, mistari imekolezwa, kila ukingo kwa rangi yake. Alitaka kumwonesha Nesi Yuliana kazi yao kabla haijaisha.

Yuliana alivaa miwani. Akazitazama moja moja, taratibu, mbele nyuma. Kisha akauliza:

"Nukta zangu umezipeleka wapi?"

"Nukta gani, nesi?"

"Nilikuchorea nukta. Humu katikati. Tangu mara ya nne."

Jesca alizikumbuka. Vitone vidogo vya wino, vitano, kisha kumi na viwili, kisha vingi, vimetapakaa katikati ya michoro. Alidhani kalamu ya nesi inavuja. Kila alipokaa mkekani, kabla ya kuhesabu miraba, alichukua pamba yenye spiriti akavifuta kimoja kimoja, kwa uangalifu mkubwa.

"Nilidhani ni wino umedondoka," alisema.

Yuliana hakucheka wala hakukunja uso. Aliivuta bandeji ya mzee iliyokuwa imeshalowekwa maji ya chumvi, akaiweka kando. "Sogea. Usitazame pembeni, pembeni unakujua. Tazama katikati."

Jesca aliinama. Nyama ilikuwa nyekundu, inang'aa. Mwanzoni hakuona kingine. Kisha, kama nyota zinavyojitokeza moja baada ya nyingine kwa mtu aliyezoesha macho yake, akaviona. Vipele vidogo vya rangi ya lulu, ukubwa wa punje ya ulezi, hapa, na hapa, na pale, kila kimoja peke yake katikati ya wekundu.

"Kila unywele una shimo lake," alisema Yuliana. "Moto umeunguza juu. Mashimo marefu umeyaacha. Ngozi inatokea humo, inajitandaza. Sie tunaviita visiwa. Miaka thelathini naviona."

Mzee Albano naye aliinamisha kichwa kuutazama mkono wake mwenyewe.

Jesca alivijua. Hilo ndilo lililomuuma. Alikuwa amesoma, tena mara nyingi, kwamba seli shina haziishi kwenye tabaka la chini la ngozi pekee, nyingine zina makazi yake kwenye vifuko vya nywele, na ngozi ikijeruhiwa hutoka huko kuja kusaidia. Katika tasnifu yake aliandika, ukurasa wa kumi na nne, dhana ya tatu: kwa kurahisisha, tutachukulia kwamba seli zote huingia kutokea ukingoni. Aliandika sentensi ile mchana mmoja wa uvivu, akaisahau.

Alikwenda kukaa kwenye benchi la nje, chini ya feni isiyozunguka, bahasha mapajani. Mama mmoja pembeni yake alikuwa anamwimbia mtoto kwa sauti ya chini, maneno hayasikiki vizuri. Jesca alifumba macho. Ile nchi nyeupe ikarudi, lakini sasa haikuwa tupu. Kumbe walikuwamo siku zote. Mlango mmoja ulifunguka chini ya ardhi, akatoka mtu, akatazama huku na huku, akatandika. Mbali kidogo mwingine akatoka. Hawakujuana. Kila mmoja alitandika kuelekea asikokuona, akiamini upande wa pili yupo anayetandika kumjia.

Alifumbua macho, akachukua kalamu. Kutoka kisiwa hadi kisiwa palikuwa na kama sentimita moja. Nusu milimita upande huu, nusu milimita upande ule. Siku kumi.

Si mia na kumi. Kumi.

Alirudia mara nne. Kisha akatazama mchoro wa siku ile, aliopewa na Yuliana na ambao hakuufuta, na akaona jambo la pili. Nukta zilijaa kuanzia kiwikoni mpaka robo tatu ya mkono, halafu zikakoma. Kwenye kifundo, pale nta ilipokusanyika chini ya mkanda wa saa, palikuwa na eneo la ukubwa wa kiberiti kikubwa lisilo na hata nukta moja. Hapo mashimo yote yalikuwa yameungua mpaka chini. Hapo hapakuwa na wa kutoka.

Kumwambia daktari kusingekuwa kugumu. Kilichokuwa kigumu ni kumwambia baba.

"Baba, nimekosea."

Mzee Albano alikuwa amekaa kitandani katika chumba cha kufungia vidonda, mkono umefungwa upya kwa bandeji nyeupe. Jesca alimweleza yote, wino, pamba, spiriti, dhana ya tatu. Hakujipunguzia.

"Kwa hiyo nilikubali kukatwa paja," alisema mzee taratibu, "kwa sababu ya kitu ulichokifuta."

"Ndiyo, baba."

Nje, mtu aliita namba ya mgonjwa, akaita tena.

"Nilipokuwa najifunza, mjomba aliniachia kinyago nikilainishe," alisema hatimaye. "Nikaona kinundu katikati ya uso. Nikadhani ni fundo la mti. Nikakipasua kwa bidii kweli. Kumbe ndiyo pua."

Jesca alicheka, na kucheka kule kukageuka machozi hapohapo. Baba yake alimwacha alie kidogo.

"Haya, nenda kamwambie daktari. Mwambie na hapo kifundoni. Usimfiche hapo kwa kunionea huruma."

Daktari alisikiliza akiwa amesimama, grafu mkononi. "Hizi hesabu zako ni nzuri, mwalimu, lakini mie naamini jicho," alisema, akaamuru bandeji ifunguliwe tena. Alikuwa hajauona mkono ule tangu siku ya saba. Aliuinamia muda mrefu. Akamgeukia Yuliana. "Ulivionaga lini mara ya kwanza?"

"Siku ya nane, daktari. Niliandika kwenye faili."

Daktari akafunua faili. Ilikuwa imeandikwa, kwa mwandiko mdogo uliosimama wima. Alilifunga. "Tuahirishe kwa wiki moja. Tukiona visiwa vinakua, tutapandikiza kifundo peke yake."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Shuleni Jesca alikwenda mahali mara nyingi kuliko kawaida, mpaka mwanafunzi mmoja, Hope, akamletea kiti bila kuulizwa. Lakini visiwa vilikua. Katika michoro ya Yuliana nukta zikawa vibonge, vibonge vikagusana, vilipogusana vikatulia, na wekundu uliobaki katikati ukawa kama vijito vinavyokauka. Siku ya ishirini na nne daktari alipandikiza kifundo, kipande kidogo tu kutoka pajani. Sehemu ya juu ilifunga siku ya ishirini na saba. Hesabu ya Jesca ilisema ishirini na tatu. Alizitafuta siku nne zilizozidi kwa wiki mbili nzima, akapata sababu ya mbili tu. Visiwa vya karibu na kifundo vilikua polepole kuliko vya kiwikoni. Kwa nini, hakujua.

Dokta Adelard, msimamizi wake chuoni, alisoma sura mpya kimya, akafika kwenye dhana ya tatu iliyopigwa mstari mwekundu.

"Nami niliipitisha hii," alisema. "Tena kwa sahihi yangu."

"Ndiyo, Dokta."

"Mwandike huyo nesi kwenye shukrani."

"Nataka kumwandika ndani ya sura, Dokta. Ndiye aliyeona."

Dokta Adelard aliwaza, akakubali.

Mkono wa Mzee Albano haukurudi kama ulivyokuwa. Ngozi mpya ilikuwa ya waridi kwa miezi mingi, nyembamba, haitaki jua, na alivaa mikono mirefu hata katika joto la Januari. Kidole kidogo hakikukunjika mpaka mwisho. Alianza na mazoezi ya kubana mpira, kisha akashika msasa, na mwezi wa sita baada ya kuungua akashika patasi. Tezo ilimchukua karibu mwaka. Bi Tabu ndiye aliyeusikia mlio kwanza, akapiga kelele ukutani, "Mzee Albano, ndiyo wewe huyo?"

"Ndiye mie," alijibu.

Siku Jesca alipotetea tasnifu yake, baba yake alikwenda pamoja naye, amevaa suti ya kahawia aliyoolea. Alikaa mstari wa mbele pembeni mwa Nesi Yuliana, ambaye alishastaafu na alikuja na mkoba mkubwa kama mtu anayesafiri. Jesca alizungumza nusu saa. Hakunyamaza hata mara moja. Kwenye ukuta zilipita ramani za mkono, siku baada ya siku, ngozi ikijitandaza.

Mtahini mmoja kutoka nje ya chuo aliuliza, "Visiwa viwili vikikutana, seli zinajuaje kwamba sasa ziache kuongezeka, mizani irudi sawa? Modeli yako inaziamuru zitulie. Lakini huko mwilini, nani anaziambia?"

Ukumbi ulingoja. Jesca aliiona mipaka miwili ikija kukutana, polepole, katika mwanga hafifu, na ule mguso wa kwanza.

"Sijui," alisema. "Naona zinatulia. Sijui bado zinaambiwa na nani."

Mtahini aliandika kitu, akatikisa kichwa kwa namna isiyoonesha kama ameridhika. Walimfaulisha, na marekebisho madogo ya kufanya ndani ya mwezi mmoja.

Nje walikaa kwenye ukuta mfupi kivulini. Yuliana alifungua ule mkoba, kumbe ulikuwa na mahindi ya kuchemsha, bado ya moto, amefunga kwenye taulo.

"Lile swali la mwisho," alisema Mzee Albano akitafuna, "mbona hukumwambia tu kwamba zimeshikana mikono?"

"Kwa sababu sijaona, baba."

"Hm," alisema mzee, akamwongezea hindi.